Hua Bado Wapo Wengi, Ndiyo Maana Tuwahesabu

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema kwenye kumbi nyingi na leo nalirudia, maana swali ninaloulizwa ni lile lile: ndege amejaa kwenye nyaya za umeme kutoka kusini mwa Kanada hadi Meksiko, unamhesabia nini? Huyu hua wa maombolezo, mwenye mkia mrefu uliochongoka, anawindwa kuliko ndege yeyote Marekani. Na njiwa msafiri, jamaa yake aliyekwisha kutoweka duniani, alikuwa mabilioni. Wa mwisho, Martha, alifia katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Septemba mosi hiyohiyo ndipo msimu wa kuwinda hua hufunguliwa katika majimbo mengi. Sisemi hua anaelekea huko. Hua hutaga mayai mawili, na kusini hurudia hata mara tano au sita kwa mwaka, ilhali njiwa msafiri alitaga yai moja. Nasema tu kwamba wingi wa ndege haukuelezi kama wanapungua.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa mnivumilie. Tangu 1966, nchi nzima, mtu alitoka alfajiri kila Mei akaendesha gari kwenye barabara ya mashambani ileile. Vituo 20, maili moja kati ya kimoja na kingine. Kila kituo anazima injini, anasikiliza dakika tatu. Aliowasikia anawaandika safu moja, aliowaona safu nyingine. Hii naiita hesabu ya masikio. Mwaka huohuo mtaalamu wa ndege Chandler Robbins alianzisha hesabu ya ndege wa kila aina wakati wa kuzaliana, vituo 50 kwa njia moja.

Basi sikilizeni: dume asiye na jike hulia mara nyingi kuliko aliyekwisha kupata mwenzi. Kwa hiyo asubuhi yenye kelele nyingi huenda ni asubuhi ya makapera, wala si ya hua wengi! Ongezeni magari yaliyozidi barabarani, na msikilizaji ambaye masikio yake yanazeeka. Upande wa mashariki hesabu mbili hizi zilikataa kupatana: ya Robbins ilionyesha hua wanaongezeka, ya masikio haikuona ongezeko hilo. Katikati ya nchi na magharibi zilikubaliana, na zilikubaliana kwamba wanapungua.

Hapo mtu huniambia, basi tupa hesabu ya masikio. Hapana! Mizani ya muuza mchele ikipunja robo kilo kila siku, bado itakuonyesha kama gunia linapungua. Kipimo chenye kasoro, kikirudiwa vilevile kwa miaka zaidi ya 40, kinasema kitu ambacho kipimo kizuri cha mwaka jana hakiwezi kusema. Hesabu ya masikio ilisitishwa baada ya 2013, na mimi sioni kosa, kwa sababu kabla ya kuiacha walikwisha kuanza nyingine. Kuanzia 2003 hua wanavishwa pete miguuni nchi nzima, na baadaye wawindaji wakaanza kutuma bawa moja moja kwa posta. Ukilikunjua bawa hilo utaona vimanyoya vinavyofunika mizizi ya manyoya makubwa: vikiwa na ncha nyeupe, ni kinda wa mwaka huo. Pima makinda kwa waliokomaa, utajua kama kuzaliana kulikwenda vizuri. Sasa wanapata makadirio ya idadi yenyewe, si mlio tu.

"Acheni kuwinda, yaishe." Nalisikia kila mahali. Lakini majimbo ya kusini-mashariki wanawinda kwelikweli, na si huko wanakopungua zaidi. Uwindaji peke yake hautoshi kuwa jibu. Tazameni mashamba: pembezoni palipokuwa na magugu ya mbegu na miti ya viota pamesafishwa hadi ukingoni.

Muda unanibana. Marisau yanayobaki ardhini hua huyameza akidhani changarawe, na madini ya risasi yaliyomo yanamtia sumu. Hilo linataka mhadhara wake. Hali kadhalika hua wa kola kutoka Eurasia, waliotoroka vizimbani Bahama miaka ya 1970 na leo wameenea hadi Pasifiki.

La mwisho. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, hesabu ya Robbins haikufanyika. Mstari ule wa tangu 1966 una tundu, na hakuna atakayerudi Juni ile kuliziba. Kwa hiyo mtu akija kwenye ofisi zenu na bajeti mkononi, akisema mwaka huu turuke kwa kuwa hua ni wengi, msikubali.