Pafu Lilizaliwa Majini

Walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, ahsanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni pana: samaki wenye mifupa, maumbile yao na aina zao. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye pafu. Yaleyale? Ndiyo, yaleyale, kwa sababu bado nasahihisha majibu ya wanafunzi werevu kabisa wanaoandika kwamba samaki alikuwa na matamvua, akatoka majini, akahitaji mapafu, basi akayapata. Mwanafunzi huyo hana kosa. Ni sisi tuliomfundisha hivyo.

Mapafu hayakuanzia nchi kavu. Yalianzia majini, ndani ya samaki, kabla mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo hajakanyaga ardhi. Samaki wenye mifupa wamekuwapo kwa zaidi ya miaka milioni 400. Wale wa kwanza wenye miguu minne walikuja baadaye sana, na walipofika walikuwa na mapafu tayari.

Ushahidi? Mchukueni polipterasi, samaki mrefu wa mito ya Afrika mwenye safu ya vipezi vidogo mgongoni. Mpasueni. Mtakuta mapafu mawili, yanafunguka kwenye sakafu ya umio, upande wa tumboni, kama yetu. Mshipa unaoyapelekea damu unatoka kwenye tao la mwisho la matamvua, yaani upinde wa mwisho wa mishipa ya damu inayopita kwenye matamvua, na mshipa wa mapafu yetu sisi, tukiwa bado mimba, unaanzia kwenye tao hilohilo. Kisha mchukueni kamongo. Naye ana mapafu, na kamongo wa Afrika akishakua, ukimzuia kufika juu ya maji kuvuta hewa, atakufa maji. Samaki anakufa maji! Sasa, polipterasi yuko kwenye tawi la samaki wenye mapezi ya miale, yaani mapezi yanayoshikiliwa na vijiti vyembamba, pamoja na jodari, sato na dagaa. Kamongo yuko kwenye tawi la pili, la mapezi yenye nyama. Matawi hayo yaliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kama ndugu wawili wa mbali kiasi hicho wana kiungo kimoja, mahali pamoja, chenye damu ya njia ileile, basi walikirithi kwa babu mmoja.

Najua kuna atakayeinua mkono: huenda kila mmoja alikipata kivyake. Ni hoja halali, na samaki kweli wamebuni njia nyingi za kuvuta hewa kila mmoja kivyake. Kambare anavuta hewa, lakini hana pafu. Ana chumba juu ya matamvua chenye vitawi vilivyojaa damu. Wengine wanatumia utumbo, wengine ngozi. Hapo ndipo hoja inapojijibu. Kiungo kilichobuniwa upya huonekana kipya: kimekaa pengine, kina mishipa mingine. Pafu la polipterasi na pafu la kamongo havionyeshi dalili hiyo hata kidogo.

Na kwa nini samaki ahangaike na hewa akiwa majini? Pimeni. Lita moja ya hewa ina takriban mililita 210 za oksijeni. Lita moja ya maji, hata yakiwa baridi na yameshiba oksijeni, ina kama mililita 10, na yakipata joto zinapungua. Kwenye kinamasi kilichotuama chenye majani yanayooza hazibaki hata hizo. Samaki anayeweza kupanda juu na kumeza funda la hewa anaishi. Mwenzake anaelea tumbo juu. Hakuna aliyekuwa akijiandaa kwa safari ya nchi kavu. Walikuwa wanataka kubaki majini wakiwa hai.

Sasa kibofu cha hewa, kile kifuko kinachomsaidia samaki kuelea. Hapa hata Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, mwaka 1859, aliipanga hadithi kinyume: aliona kibofu cha samaki kimegeuka kuwa pafu. Leo tunajua mwelekeo ni mwingine. Pafu lilitangulia, na kwa samaki walio wengi likageuka kuwa kibofu, likahamia upande wa mgongoni, kazi ya kupumua ikapungua, kazi ya kuelea ikashika nafasi. Ndani ya vibofu vya samaki wengi bado kuna ule utandu wa mafuta unaozuia kuta za pafu kushikamana.

Na msikidharau kibofu hicho. Nyama na mifupa ya samaki ni mizito kuliko maji. Kibofu kinalipa tofauti hiyo kwa kuchukua takriban asilimia 5 ya ujazo wa mwili baharini, na asilimia 7 hivi kwenye maji baridi ya mito na maziwa, ambayo ni mepesi kuliko ya chumvi. Tatizo ni mgandamizo. Kila mita 10 za kina zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Samaki akishuka, kibofu kinasinyaa, akipanda, kinavimba. Samoni na wenzake bado wana mrija kutoka kibofu hadi umio, wanaongeza au kutoa hewa kwa mdomo. Chewa hana mrija huo akishakua. Yeye anajaza kibofu kutoka kwenye damu: tezi inamwaga asidi, himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, inaiachia hata penye mgandamizo mkubwa, na msuko wa mishipa myembamba inayopishana unairudisha oksijeni hiyo tena na tena isitoroke na damu. Kazi hiyo inachukua muda. Ndiyo maana chewa anayevutwa haraka kutoka mita 40 anafika juu gesi yake ikiwa imetanuka mara 5, macho yametoka, na kitu kimechomoza mdomoni. Wengi husema ni kibofu. Hapana, ni tumbo lake, limesukumwa nje.

Wapo walioacha kibofu kabisa: baadhi ya jodari, na samaki bapa wengi wanaolala mchangani. Papa na taa hawakuwahi kuwa nacho. Papa anaelea kwa msaada wa ini lenye mafuta. Kambare na ndugu zake wamekiunganisha kibofu na sikio kwa mnyororo wa vifupa vidogo, wanasikia vizuri ajabu. Na silikanti, samaki wa tawi la mapezi yenye nyama, aliyepatikana Afrika Kusini mwaka 1938 wakati wataalamu walidhani ametoweka zamani za dinosaria, ana pafu lililodumaa: kwenye mimba changa linaanza vizuri, kisha ukuaji unapungua kasi, na mkubwa anabaki na mabaki tu kando ya kiungo kilichojaa mafuta.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Aina basi, kwa haraka. Spishi ni zaidi ya 30,000, yaani karibu nusu ya wanyama wote wenye uti wa mgongo. Yuko anayekomaa akiwa na urefu wa milimita 8, na yuko samaki-jua anayepita tani 2. Wapo wa Antaktika wasio na himoglobini, damu yao haina rangi. Wapo wanaozaliwa dume wakaja kuwa jike, na kinyume chake. Kila mmoja anastahili mhadhara wake.

Lakini hili siliachi. Ile ngazi ukutani, samaki chini, chura juu yake, mjusi, mamalia, mtu kileleni, iondoeni. Tawi la mapezi yenye nyama lina spishi 8 tu za samaki walio hai, silikanti 2 na kamongo 6, pamoja na chura, nyoka, ndege, na sisi tuliokaa humu. Kamongo ni ndugu yetu wa karibu kuliko alivyo ndugu wa jodari.

Na walimu, mnapopasua samaki darasani, kile kifuko cheupe chini ya uti wa mgongo msikitupe pamoja na matumbo. Mkate kwa uangalifu, mwache mtoto akiguse, mtafute kama kina mrija au hakina. Haya, maswali.