Mtoto Atabiri Kwanza: Stadi za Uchunguzi wa Kisayansi Katika Shule ya Msingi

Ndugu mwenyekiti, maafisa elimu kata, walimu wakuu na walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie stadi za uchunguzi wa kisayansi kwa watoto wa shule ya msingi. Mnazijua: kuangalia kwa makini, kulinganisha, kupima, kutabiri, kufanya jaribio, kurekodi, kuhitimisha. Sitazipitia zote. Leo nashika moja tu, kutabiri, kwa sababu hiyo ndiyo tunayoiruka, na tukishairuka hizo nyingine zote zinaishia kuwa kunakili ubaoni.

Tuchukue somo ambalo kila aliyekaa humu amelifundisha: mahitaji ya mbegu ili iote. Mwalimu anaandika ubaoni: maji, hewa, joto la kiasi. Watoto wananakili. Mwalimu anayejituma zaidi analeta kopo lenye maharage yaliyokwisha kuota, analipitisha kwenye madawati, watoto wanafurahi, kengele inagongwa. Walimu wenzangu, hapo hakuna kilichochunguzwa. Jibu lilitangulia, maharage yakaletwa kulithibitisha.

Sasa tulifanye somo lilelile kwa njia nyingine. Tunahitaji makopo manne, au chupa za maji zilizokatwa, pamba na maharage. Kopo la kwanza lina pamba yenye unyevu, linakaa dirishani. La pili lina pamba kavu, nalo linakaa dirishani. Katika la tatu, maharage yanazamishwa ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, halafu juu yake unamimina mafuta ya kula yafunike maji yote, hewa isipate kuingia tena. La nne lina pamba yenye unyevu sawasawa na la kwanza, ila linafungiwa kabatini au linafunikwa kwa boksi lisilopitisha mwanga. Joto tuliache, maana shule nyingi hazina jokofu.

Kila kopo liwekwe maharage kumi kutoka mfuko mmoja. Kuna mtoto atauliza kwa nini kumi, kwani moja halitoshi? Msimjibu haraka. Mrudishieni swali: tukiweka moja lisiote, tutajuaje kama limekosa maji au lilikuwa limeliwa na wadudu? Mtoto wa Darasa la Tatu analielewa hilo kabisa, na akishalielewa ameshapata jambo ambalo wengine tulikuja kulisikia chuoni.

Kabla hamjamwaga hata tone la maji, kila mtoto aandike kwenye daftari lake, kwa kalamu ya wino: kopo lipi litaota, lipi halitaota, na kwa nini nafikiri hivyo. Sentensi mbili tatu zinatosha. Tahajia isisahihishwe siku hiyo. Wala mwalimu asikunje uso wala asitabasamu anapopita kati ya madawati, maana watoto wetu ni mafundi wa kusoma uso wa mwalimu. Ukitabasamu kwenye daftari moja, dakika mbili baadaye darasa zima lina jibu lilelile.

Mara nyingi utakuta watoto wengi wameandika kwamba maharage ya gizani hayataota, kwa sababu mmea unahitaji mwanga. Wamelisikia nyumbani, na wengine wamelisikia kwetu. Wiki haijaisha kabati linafunguliwa, na maharage ya gizani yameota. Si kuota tu, yamewazidi urefu yale ya dirishani! Yana mashina marefu, membamba, yamepauka, na vijani vyake ni vidogo vya rangi ya njano.

Darasa moja la nne nililokaa nalo, binti mmoja alishikilia kwamba ya gizani ndiyo yenye afya zaidi, kwa kuwa ni marefu. Akachukua rula, akapima mbele ya wenzake, na vipimo vikamuunga mkono. Wenzake wakampinga kwa rangi: mbona yamepauka? Mwalimu wa darasa alinitazama, akitaka niamue. Nikamwomba tusubiri kidogo. Ndipo mvulana wa nyuma akasema, "Mwalimu, tuyaache yote, tuone yapi yatakufa kwanza."

Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Watoto wamebishana. Mmoja ana kipimo, wenzake wana kigezo tofauti. Wa tatu anapendekeza jaribio jipya la kukata shauri. Kama mwalimu angejibu pale pale, na jibu alikuwa nalo, jaribio lile lisingezaliwa. Yale ya gizani yalilegea na kuanguka, ya dirishani yakaendelea kutoa majani. Hapo sasa ndipo mwalimu anapofundisha: mbegu hubeba akiba yake ya chakula ndani ya yale mapande mawili ya harage, kwa hiyo inaweza kuota bila mwanga, lakini akiba ikiisha mmea lazima ujitengenezee chakula, na hauwezi kufanya hivyo gizani. Maelezo yale yale ya kitabuni, ila yamewakuta watoto wanayatafuta.

Ndiyo maana nasisitiza utabiri uandikwe. Mtoto ambaye hajatabiri, ukimwonyesha matokeo yoyote atasema, "Ndiyo, nilijua." Anajidanganya bila kukusudia, hata sisi watu wazima tunafanya hivyo. Aliyeandika kwa wino anaona tofauti kati ya alichofikiri na alichokiona, na lazima ajiulize tofauti hiyo imetoka wapi.

Jaribio la pili ni la bure kabisa: jiwe na uzi. Funga jiwe kwenye uzi, lining'inize kwenye fremu ya mlango, livute kidogo pembeni kisha uliachie. Swali: ni nini kitalifanya liende na kurudi haraka zaidi? Watoto watasema jiwe likiwa zito. Wengine watasema ukilivuta mbali zaidi. Wachache watasema uzi ukiwa mfupi. Waandike. Kisha waachieni vikundi vijaribu, na mtashuhudia jambo lilelile kila mahali: kikundi kinabadilisha jiwe na uzi kwa pamoja, kasi inabadilika, wanashangilia kwamba uzito ndio chanzo. Hapo mwalimu ana swali moja tu la kuuliza: "Mmebadilisha vitu vingapi?" Uliza, kisha nyamaza. Watajirekebisha wenyewe, si mara moja, lakini watajirekebisha.

Uzi wa mita moja, kutoka kwenye fundo la juu hadi katikati ya jiwe, huchukua takriban sekunde 2 kwenda na kurudi. Ukiupunguza hadi sentimita 25, huchukua takriban sekunde 1. Uzito wa jiwe haubadilishi kitu, na umbali wa kulivuta, ukiwa mdogo, haubadilishi kitu cha kuonekana. Msihesabu mzunguko mmoja, maana mkono wa mtoto huchelewa kubonyeza saa ya simu. Wahesabu mizunguko kumi kisha wagawanye. Mwalimu wa Hisabati atawashukuru.

Miaka ya 1960 kulikuwa na mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika uliotumia vitu vya namna hii, vya mazingira ya mtoto. Moja ya mada zake ilikuwa yule mdudu mdogo anayechimba vishimo kwenye mchanga mkavu, chini ya mapaa, ili anase sisimizi. Kila mtoto wa kijijini amemchezea. Anatembeaje? Kinyumenyume. Atachimba kwenye mchanga uliolowa? Mtoto akikuuliza hivyo, mpe kopo la mchanga mkavu na kopo la mchanga wenye unyevu, aende akamuulize mdudu mwenyewe.

Niseme kidogo kuhusu Erasto Mpemba, maana ni wetu na hatumtumii vya kutosha. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, na desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Siku moja akihofia kukosa nafasi kwenye jokofu, akaweka yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu kwa nini yaliyokuwa moto yalitangulia kuganda, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, akaja kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama na swali lake. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa katika jarida la Physics Education.

Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakisema hawakuona uthibitisho wa kutosha kwamba maji ya moto huganda haraka zaidi. Kwangu mimi hilo halipunguzi chochote katika kisa hiki. Osborne naye hakuwa na hakika kwamba kijana yule alikuwa sahihi. Alichofanya ni kulipeleka swali maabara badala ya kulimaliza kwa cheo chake. Mpemba alikuwa kijana mkubwa, mwenye moyo wa kuuliza tena baada ya kuaibishwa. Mtoto wa miaka tisa hana moyo huo. Akichekwa mara moja mbele ya darasa, anaweza asiulize tena mpaka anamaliza Darasa la Saba.

Najua mnachotaka kuniuliza. Darasa lina watoto tisini. Nakubali, na sitaki kuwaambia kwamba idadi hiyo si kitu. Ni mzigo mkubwa na unawachosha. Lakini majaribio haya hayahitaji mwalimu ashike mkono wa kila mtoto. Vikundi vya watoto wanane, kila kikundi na uzi wake nje chini ya mti, mmoja anaachia jiwe, mmoja anahesabu, mmoja anaandika, na zamu zinabadilika. Saa ikiwa moja tu, mwalimu anatoa ishara ya kuanza, anatoa ishara ya kusimama baada ya sekunde 20, kila kikundi kinahesabu mizunguko yake. Na mtihani? Aliyeona harage likiota kabatini hababaishwi na chaguo la "mwanga" kwenye karatasi ya mtihani. Anayebabaishwa ni yule aliyekariri orodha.

Ninaloliogopa zaidi ni namna tunavyosahihisha. Kama mtoto aliyetabiri vibaya anapewa alama nyekundu ya X, muhula ujao hatatabiri, atasubiri kusikia jibu. Utabiri usipewe alama ya kosa hata siku moja. Toeni alama kwa mambo mengine: ameeleza sababu yake? Ameandika alichokiona, hata kilipompinga? Amebadilisha kitu kimoja tu? Ufaransa, mwaka 1996, mwanafizikia Georges Charpak, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alianzisha na wenzake mpango wa sayansi kwa vitendo katika shule za msingi, na moja ya nguzo zake ni daftari la majaribio ambalo mtoto anaandika kwa maneno yake mwenyewe, na makosa yake yanabaki humo. Daftari la namna hiyo kwetu halihitaji fedha mpya. Ni daftari lilelile la Sayansi, tuligeuze nyuma tuanzie huko.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kikao kijacho cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Kila mwalimu wa Sayansi afanye jaribio la maharage au la jiwe na uzi na darasa lake. Kisha aje na madaftari matano ya watoto, na angalau matatu yawe ya watoto ambao utabiri wao haukutimia. Maandalio ya somo yabaki ofisini. Tutakaa kwa makundi, tutasoma walichoandika watoto kabla ya jaribio na baada yake, na tutajadiliana mwalimu angewauliza nini baadaye. Asanteni. Sasa nakaribisha maswali.