Dadu ya Taa Saba: Penseli Kwanza

Walimu wenzangu, na ninyi vijana mliodamka Kondoa na Mpwapwa ili mfike Dodoma mapema, karibuni. Leo tunaunda dadu ya kielektroniki, ambayo vitone vyake ni taa. Vifaa viko mezani na mikono inawawasha, naona. Hagusi mtu waya kabla hajanionyesha karatasi. Nalisema hili kila mwaka, na mwakani nitalisema tena.

Chora uso wa dadu: vitone saba, kimoja katikati, vitatu kila upande. Wengi wenu mnakimbilia kuvuta njia saba za umeme, moja kwa kila kitone, saketi inageuka kichaka. Za nini zote hizo? Kipo wapi kitone cha pembeni kinachowaka peke yake? Hakipo! Ukiacha cha katikati, vyote huwaka viwili viwili. Basi njia ni nne: katikati, mshazari wa kwanza, mshazari wa pili, na jozi ya ubavuni. Moja ni katikati. Mbili ni mshazari wa kwanza, na huo unawaka kwa kila namba kuanzia hapo hadi sita. Jozi ya ubavuni inangoja sita tu.

Sasa rezista, kipingamizi kinachopunguza umeme unaofika kwenye taa. Betri ni volti 9, LED nyekundu, yaani hiyo taa ndogo ya kitone, inakula kama volti 2. Jozi iliyofuatana inakula 4, zinabaki 5; kwa miliampea 10 unahitaji omu 500, chukua 470, yenye mistari ya njano, zambarau, kahawia. Ya katikati iko peke yake, zinabaki 7, kwa hiyo 680. Ukiiwekea 470 itang'aa kuliko wenzake, nami nitajua hukupiga hesabu.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, simu inarusha dadu bure." Sawa, inarusha. Ifungue basi unionyeshe inavyohesabu! Hii utaifuata kwa kidole, mguu kwa mguu.

Muda unanibana. Aisi ya 555, chipu inayotoa mapigo ya umeme, pamoja na rezista za kilo-omu 1 na 10 na kapasita (kihifadhi chaji) ya nanofaradi 100: mapigo karibu 690 kwa sekunde, zaidi ya mizunguko mia ya dadu. Kidole cha nani kitachagua namba hapo? Kwenye 4017, aisi inayohesabu mapigo hayo, mguu wa 5 uende wa 15, ili baada ya sita irudi moja. Mguu wa 13 ufungeni kwenye chanya kwa kilo-omu 10. Kitufe kikiuvuta chini inahesabu, ukiachia inasimama. Diodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, na transista nne, swichi moja kwa kila njia, tutaziona mezani.

Mwenye hesabu tayari alete karatasi.