Kabla ya kuuliza nani anapendelea nani, uliza mwandishi alikuwa wapi

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Najua humu ukumbini wapo wa upande wa Israel na wapo wa upande wa Palestina, na kila mtu ana chombo chake cha habari anachokiona kiongo, sasa mi leo nataka tuanzie nyuma kidogo, hiyo habari inapatikanaje?

Tangu Oktoba 2023 Israel imewazuia waandishi wa nje kuingia Gaza wenyewe. Ukiingia unaingia na jeshi, unaoneshwa wanachotaka ukione, unarudishwa. Chama cha waandishi wa kigeni kilienda mpaka Mahakama ya Juu ya Israel, Januari 2024 ikawakatalia. Kwa hiyo wanaobaki ni waandishi wa Kipalestina, wanaripoti huku wanazika ndugu zao, wameuawa zaidi ya mia moja, halafu mtu yupo studio London anauliza hawa tuwaamini vipi! Hilo linaniuma sana. Na ndiyo, tusidanganyane, ndani ya Gaza kuisema Hamas vibaya ni hatari, hiyo nayo inabana habari.

Chukueni hospitali ya al-Ahli, 17 Oktoba 2023. Mlipuko umetokea usiku, wizara ya afya iliyo chini ya Hamas ikasema Israel imepiga, wamekufa 500, na gazeti la New York Times la Marekani wakaipandisha hivyo hivyo juu kabisa, Israel ikajibu ni roketi ya Islamic Jihad, kundi jingine la Kipalestina lenye silaha, imeanguka njiani. Siku chache mbele gazeti likatoa maelezo ya wahariri, kwamba mwanzoni liliegemea mno madai ya Hamas. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch wakaja Novemba wakasema inaelekea ni roketi ya aina wanayotumia makundi ya Kipalestina, lakini wamefikia hapo kwa kuchambua picha na video wakiwa mbali, wao wenyewe hawakufika kukagua lile eneo.

Mwaka uliotangulia, 2022, ilikuwa kinyume chake. Mwandishi Shireen Abu Akleh wa Al Jazeera kapigwa risasi akafa Jenin, Ukingo wa Magharibi, Mei 2022, amevaa fulana ya Press, na serikali ya Israel ikakimbilia kusema huenda ni risasi za Wapalestina, vyombo kibao vikabeba. Septemba jeshi lenyewe likakiri uwezekano mkubwa ni risasi ya askari wake. Nani alikuwa bado anafuatilia Septemba?

Na sisi? Vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo Israel waliuawa 7 Oktoba 2023, siku Hamas walipovamia, mwili wa mmoja umerudishwa Novemba 2025, na karibu yote tuliyoyajua tuliyapata kwenye matamko ya serikali. Redio zetu zinachukua habari za mashirika ya nje, Reuters na AFP, zinasoma. Sawa, hela ya kutuma mtu Jerusalem hatuna, ila kumwambia msikilizaji wa Bukoba kwamba hii kasema jeshi la Israel, hii kasema wizara ya Gaza, na hakuna mwandishi wa nje aliyeruhusiwa kufika mwenyewe, inachukua sekunde kumi tu na haihitaji bajeti.