Neno "Asante" Lilivyonigharimu Pauni 30 kwa Wakili wa Ndoa

Haya jamani, mambo vipi? Naongea nanyi nikiwa ndani ya gari, maegesho ya kazini hapa Leicester, na shifti ya usiku inaanza baada ya nusu saa, kwa hiyo mkiona naharakisha mnisamehe. Leo nawajibu akina dada mlionijazia inboksi tangu niliposema nimeachika: wakili wa ndoa huku Uingereza yukoje?

Kwanza, usimwendee kama unakwenda kwa shangazi. Mimi siku ya kwanza nilijiandaa kulia. Nilikuwa na skrinshoti za meseji za yule mwanamke wa mume wangu, nimezichapisha na kuzipanga kwa tarehe. Wakili akazitazama, haikufika dakika, akanirudishia. Akaniambia kwamba tangu Aprili 2022, Uingereza na Wales, huhitaji kuthibitisha kosa la mtu. Unasema ndoa imevunjika, basi. Mahakama ikishafungua maombi, zinapita wiki 20 ndipo uombe amri ya kwanza, halafu wiki 6 na siku moja ndipo uombe ya mwisho, ile inayovunja ndoa. Uzinzi wa mume haupunguzi hata siku. Nilikasirika, nisiwadanganye! Nyumbani tungeanzia baraza la usuluhishi, wazee wangesikiliza, mtu angesemwa. Huku mpatanishi yupo, na kwa kawaida unaonana naye kabla ya kupeleka mambo ya watoto au mali mahakamani, isipokuwa kama kuna unyanyasaji. Lakini naye anauliza watoto watalala wapi Jumamosi. Hamsuti mtu.

Wakili anachotaka ni makaratasi. Pasipoti, uthibitisho wa anuani, cheti cha ndoa, na kama kimeandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe rasmi. Halafu Fomu E, ile ya mahakama ya kueleza mali na fedha zako. Hiyo fomu, mama yangu! Inataka kila ulicho nacho duniani, siyo cha Uingereza tu. Kile kiwanja cha Kibaha ulichoandikisha kwa jina la mama, mtajie wakili. Ukidhani atakusaidia kukificha umekosea, kwa sababu akijua unaidanganya mahakama na hutaki kurekebisha, atajitoa.

Na taarifa za benki za miezi 12, mstari kwa mstari. "Hizi pauni 3,000 zilizoingia Machi ni za nini?" Nikamwambia ni mchezo. Mchezo gani? Nikaanza: tuko kumi, kila mwezi kila mtu anatoa 300, anapokea mmoja.
"Kwa hiyo ni mkopo?"
Siyo mkopo.
"Ni kamari?"
Dakika 18, jamani.

Sasa hizo dakika ndizo nataka mzielewe. Huku wakili anauza muda, na wengi wanauhesabu kwa vipande vya dakika 6. Wangu alikuwa anatoza pauni 250 kwa saa, juu yake VAT asilimia 20, kwa hiyo kipande kimoja ni pauni 30. Kumfundisha mchezo kumenigharimu 90! Na barua yake ya mwanzo ilieleza yote haya, hadi makadirio ya gharama. Mimi nilisaini tu bila kusoma. Ninyi someni. Msaada wa serikali wa kulipia wakili ulibanwa tangu 2013, kwa talaka ya kawaida usiutegemee; ila aliyenyanyaswa na mwenye kipato kidogo aulize, bado anaweza kupata.

Baada ya ile ankara ya kwanza nikashika adabu. Maswali nayakusanya wiki nzima, Ijumaa natuma barua pepe moja. Machungu nampelekea dada yangu Tabata, yeye hatozi.

Ngoja niwashe taa niwaonyeshe ankara ya mwisho. Mnaona mstari huu wa chini? Tarehe 23 Desemba, kusoma barua pepe ya mteja, kipande kimoja. Nilikuwa nimeandika, "Asante, Krismasi njema."