Metali Imeshikwa na Nini? Mhadhara Kuhusu Tope la Maziwa na Mabwawa

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Ripoti ya tope la ziwa ikiwekwa mezani, swali la kwanza huwa moja: risasi ni kiasi gani? (Nasema risasi ya metali. Ile ya bunduki ndiyo iliyoazima jina, si kinyume chake.) Swali hilo ni halali na lina jibu. Miamba ya kawaida huwa na risasi miligramu 15 hadi 20 hivi kwa kilo. Katika mashapo, yaani tope lililotuama, ya maji baridi (yasiyo ya chumvi), kipimo kinachotumika sana ni miligramu 128 kwa kilo; ukikivuka, tarajia viumbe wanaoishi topeni kudhurika. Lakini mimi leo nimekuja na swali la pili, ambalo naliona kubwa kuliko hilo: hiyo metali imeshikwa na nini?

Mto ukiingia ziwani hupungua mwendo. Mchanga huzama mapema. Udongo mwembamba wa mfinyanzi husafiri hadi kwenye kina ndipo utue. Chembe za udongo huo ni ndogo mno, kwa hiyo gramu moja yake ina eneo kubwa la kunasa metali. Anayechota mchanga wa ufukweni akatangaza kwamba ziwa ni safi amejidanganya. Bwawa nalo ni mtego mkali zaidi, kwa sababu ukuta unaozuia maji huzuia pia sehemu kubwa ya tope lililobebwa nayo.

Washikaji wengine ni watatu: mabaki ya mimea; kutu (yaani oksidi za chuma na manganizi), ambazo huvuta sana sumu ya aseniki; na salfaidi (yaani michanganyiko ya salfa), ambazo hufunga metali kama kadimiamu, zinki na risasi. Hapo ndipo penye utamu wa habari. Kutu hudumu penye oksijeni. Salfaidi hudumu pasipo na oksijeni. Basi hali inayomfaa mmoja humlegeza mwenzake. Msimu wa joto, maji ya juu huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na oksijeni ya chini huliwa ikaisha. Kutu inayeyuka, aseniki inaachiwa, na siku hiyo hakuna kiwanda kilichomwaga hata tone.

Chukueni bwawa la Milltown, jimbo la Montana, Marekani. Lilikamilika mwanzoni mwa 1908, na Juni mwaka huohuo mafuriko yakashusha mabaki ya migodi ya shaba kutoka Butte, mbali sana juu ya mto. Tope likajaa nyuma ya ukuta, watu wakaendelea na maisha yao. Mwaka 1981 aseniki ikakutwa kwenye visima vya majirani wa bwawa: ilikuwa imeachiwa topeni, kule kusiko na oksijeni, ikapenya ardhini. Februari 1996 mabonge ya barafu yakatishia ukuta, maji yakashushwa kwa haraka, tope likachimbuka, kiwango cha shaba mtoni kikapanda na samaki wakafa. Hatimaye mto ulichepushwa, ukuta ukabomolewa mwaka 2008, na tope baya zaidi likasombwa kwa treni.

Mtauliza, kwa nini basi tusichimbe kila mahali? Kwa sababu ya zile salfaidi. Ukizitoa kwenye giza lao ukazikutanisha na hewa, huungua polepole, zikatoa asidi na kuachia zilichokuwa zimekifunga. Tena, mara nyingi tabaka la juu ndilo safi zaidi. Petroli yenye risasi imeondoka vituoni nchi baada ya nchi, ya mwisho ikiwa Algeria mwaka 2021, na katika maziwa mengi tope jipya limeifunika risasi ya zamani. Kuna mahali ambapo kazi ya maana ni kuliacha tope lilale. Najua mhandisi mwenye mashine hapendi kusikia hivyo.

Zebaki ina kesi yake peke yake. Bakteria wasiohitaji oksijeni huigeuza kuwa zebaki ya methili, umbo lake lenye sumu kali, na hiyo hupanda kutoka kiumbe hadi kiumbe mpaka kwa samaki mla samaki, na kwa mla samaki huyo. Bwawa jipya linapofunika msitu, bakteria hao hupata karamu ya majani yanayooza. Zebaki katika samaki huongezeka kwa miaka mingi, hata pasipo mgodi wala kiwanda karibu.

Kuna njia ya kumjua mshikaji. Mwaka 1979 mtafiti Tessier na wenzake huko Kanada walichapisha utaratibu wa kuosha tope kwa dawa tano mfululizo, kuanzia laini hadi kali. Kinachotoka katika hatua ya kwanza kilikuwa kimejibandika tu. Kinachosubiri asidi kali ya mwisho kimo ndani ya madini yenyewe, na katika hali ya kawaida hakitarajiwi kutoka. Utaratibu huo una kasoro zake, maana metali huweza kuhama katikati ya uoshaji. Hata hivyo, tope mbili zenye risasi sawasawa zinaweza kutoa majibu yasiyofanana kabisa. Kwa hiyo mkipewa ripoti yenye namba moja tu ya jumla, irudisheni na swali.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, uliza.