Sukari ya ORS Si ya Utamu

Jambo hili nimeshalisema sana mbele ya wahudumu wa afya, na leo nalirudia kwa sababu bado mama anaambiwa kwamba sukari ya ORS, yaani maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa anayeharisha, ni ya kumtia mtoto nguvu. Jamani, hapana! Ni ya kuvusha chumvi na maji.

Utando wa seli za utumbo mwembamba ni mafuta. Chumvi haipenyi, sukari haipenyi. Kinachovusha ni protini iliyochomekwa kwenye utando huo, SGLT1. Msidhani ni tundu tu. Kwanza inakuwa wazi upande wa chakula. Chembe mbili za sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, zinanasa, umbo lake linabadilika, ndipo chembe moja ya glukosi, yaani sukari, inapata pa kushika. Upande wa nje unajifunga, wa ndani unafunguka, zote tatu zinaachiwa ndani ya seli. Maji yanafuata. Mwanasayansi Robert Crane alilieleza hili Prague mwaka 1960: sodiamu na glukosi huvuka pamoja.

Sasa sikilizeni. Sumu ya kipindupindu inafungulia mlango wa kloridi, sehemu nyingine ya chumvi, hivyo chumvi na maji vinamwagika utumboni, lakini SGLT1 haiguswi! Ndiyo maana mwaka 1971, dripu zilipokuwa zinaisha kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis na wenzake waliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi, na vifo vikashuka hadi chini ya asilimia 4.

Najua mtaniuliza: basi si tuzidishe sukari? Thubutu! Lita moja ya ORS ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ina gramu 13.5 za glukosi, ili idadi ya chembe zake ilingane na ya sodiamu, milimoli 75 kwa 75. Sukari ikizidi, inayobaki utumboni inavuta maji kutoka mwilini na mtoto anaharisha zaidi. Soda nayo ni hivyo hivyo, tena sodiamu yake ni haba. Na pakiti ya lita moja ukiimimina kwenye chupa ya nusu lita, umempa chumvi maradufu. Pimeni maji!

Muda umebana. Sodiamu haikai ndani ya seli: pampu iliyo kwenye utando wa upande wa damu inatoa chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila chembe ya ATP, nishati ya seli. Mwanasayansi Jens Skou wa Denmark aliigundua 1957, akapata Tuzo ya Nobel 1997. Pampu hiyo ikisimama, sodiamu inajaa ndani ya seli, na SGLT1 nayo haina kazi. Haya, wewe uliyenyoosha mkono pale nyuma, uliza.